Kompyuta Niliyoipima kwa Mkono

Mpendwa mshauri wa gazeti, Mama Regina, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu mapema, maana sasa ni mbalamwezi na sisi wavuvi wa dagaa tuko nyumbani, lakini mwezi ukishapungua giza litatuita ziwani, na safari hii nikiondoka sijui kama nitakuwa na moyo wa kurudi.

Naitwa Elikana, naishi Ilagala, nina mke na mtoto mmoja wa kike, Ella, ambaye sasa anajifunza kusimama kwa kushika kila kilicho mbele yake. Mke wangu Winfrida ni mwalimu wa shule ya msingi na anasomea shahada kwa njia ya masafa, yaani anasoma akiwa nyumbani, na kila baada ya muda anapanda boti ya abiria mpaka Kibirizi kule mjini, halafu anapandisha kwa miguu hadi Rusimbi kwa mwenzake Scola, huko wanakutana wanafunzi wachache na kufanya kazi zao za chuo pamoja. Mimi niliishia darasa la saba na sikuona aibu kuoa mwalimu, na yeye hakuona aibu kuolewa na mvuvi, au ndivyo nilivyoamini mpaka hii kompyuta ilipoingia nyumbani kwangu.

Mama Regina, kompyuta hakuniomba, nilijitolea mwenyewe. Zamani alikuwa anaandika kwa mkono halafu anapeleka mjini wamchapie, na siku moja hao wachapaji wakamchanganyia kurasa, kazi ikarudishwa, akakaa barazani amemkumbatia Ella, nikaumia sana, nikasema mbele ya mama yangu na mama yake kwamba mwalimu wangu hatachapiwa tena na mtu. Dagaa walipokubali, pesa ikapatikana, tukaenda mjini wote watatu, Ella mgongoni kwa mama yake, tukaingia duka moja la kijana anaitwa Alphonce. Huyo kijana akapanga kompyuta mezani, kubwa na ndogo, na Winfrida akachukua moja ndogo nyeusi, nyembamba, akaibana kwapani, akageuka huku na huku na mtoto wake mgongoni, akatabasamu.

"Baba Ella, hii inanitosha," akasema.

Nikaipokea nikainyanyua, na kwa kweli nilishtuka, ilikuwa nyepesi kama sahani. Nikamwambia, "Mama Ella, hii imetolewa matumbo."

Naomba unielewe, sisi wavuvi wa taa tunaishi kwa betri. Betri ya kweli ukiinyanyua inakuvunja kiuno, ile ya kuchakachua unaibeba kwa mkono mmoja unafurahi, halafu unafika katikati ya ziwa, dagaa ndio kwanza wanapanda kufuata mwanga, taa zinakufa zote mnabaki mnatazamana. Mimi nimewahi kuuziwa betri nyepesi, tukarudi mwaloni, pale ufukweni tunaposhushia samaki, na mtumbwi mweupe bila dagaa hata mmoja, kina mama wa kuanika dagaa wanatuonea huruma. Tangu siku hiyo sinunui kitu chenye umeme ndani yake bila kukipima kwa mkono. Basi nikazinyanyua kompyuta zote moja baada ya nyingine, na ile iliyonivuta bega ndiyo nikaiweka mbele. Alphonce akacheka, akasema, "Bosi anajua vitu." Nikamuuliza Winfrida anaonaje, akanitazama, akatazama ile ndogo, akasema, "Chagua wewe, baba Ella."

Nikachagua. Niliibeba mwenyewe begani tangu dukani hadi nyumbani, kwenye boti watu walinipisha nikae vizuri, mama yangu aliipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga, na Winfrida alipiga magoti akanipigia makofi ya shukrani kama tunavyofanya sisi Waha, nikajiona nimekuwa mtu.

Lakini kuanzia hapo, mshauri, sielewi. Kompyuta inakaa mezani imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na ile nailoni ya kiwandani iliyobandikwa juu ya mfuniko mpaka leo hajaibandua. Rusimbi aliipeleka mara moja tu, akarudi anajishika bega, nikamuuliza una nini, akasema, "Ni Ella huyu, siku hizi amekuwa mzito," nami nikafurahi kwamba mtoto ananawiri. Baada ya hapo akawa anakwenda na madaftari yake na kuiacha nyumbani kama mgonjwa. Nikadhani labda ni chaji, kwa sababu sola yetu ndogo inatosha balbu na simu tu, ile kompyuta inataka inveta ya kugeuza umeme na betri yangu ya taa, na giza likiingia betri naondoka nayo ziwani. Nikamwambia basi ichaji wakati wa mbalamwezi nikiwepo. Akasema sawa. Hakuichaji.

Kibaya zaidi ni hiki. Asubuhi nikitoka ziwani namkuta ameketi nyuma ya nyumba karibu na vichanja vya dagaa, simu ameishika karibu na macho, vidole gumba vinakimbia, wakati mwingine anatabasamu peke yake, wakati mwingine anauma mdomo. Akisikia hatua zangu anaiweka chini. Juzi nikamuuliza, "Unaandikiana na nani?"

"Siandikiani na mtu. Naandika kazi ya chuo."

"Kazi ya chuo kwenye simu, na kompyuta imelala ndani?"

Akasema, "Naizoea taratibu, baba Ella, usijali." Nimeishi na mwanamke huyu, najua akisema uongo sauti yake inakuwa laini, na siku hiyo ilikuwa laini.

Nikamweleza Meshack, tunayevua naye mtumbwi mmoja, naye akaniambia mwanamke akisoma huanza kwa kudharau zawadi, halafu humdharau aliyeitoa. Hayo maneno yameniingia kama mwiba wa samaki, nikimeza hayashuki, nikitema hayatoki. Nimekusudia kuichukua kompyuta nimpe kaka yangu Gasper kule Kasulu, na Winfrida nimwambie aache hicho chuo abaki na kazi yake ya ualimu, na giza likiingia nihamie kambi za uvuvi za kusini na wenzangu nikae huko. Nilipanga kumwambia Jumamosi. Lakini Jumamosi hiyo nikamkuta anaifuta kompyuta vumbi kwa ncha ya kanga, polepole, pembe zote, kama anavyomfuta Ella uso. Kila siku anaifuta hivyo. Nikatoka nje nikajifanya natazama nyavu.

Nampenda mke wangu, Mama Regina, nalisema wazi hata kama utalichapa watu walisome. Niambie tu, mtu anaweza kukifuta kitu vumbi kila siku huku anakidharau?

Elikana, Ilagala.

*

Elikana mwanangu, marahaba. Kaa chini, kunywa maji. Na huyo Meshack mwambie avue dagaa, asivue ndoa za watu.

Swali lako la mwisho nalijibu la kwanza. Hapana, hawezi. Kitu unachokidharau unakiacha kipate vumbi. Mkeo anaifuta kwa sababu imetoka kwako, na haitumii kwa sababu haitumiki, na kati ya hayo mawili amekwama, hajui akwambie vipi bila kukuvunja moyo. Winfrida sijamsikia, ninayemsikia ni wewe, kwa hiyo haya nisemayo nenda ukamuulize mwenyewe. Lakini barua yako imemtetea kuliko wakili. Umeandika kila kitu mwanangu, umesahau kukisoma.

Mimi nimezaliwa Kibirizi, najua kwa nini ulipima kwa mkono. Marehemu baba yangu angefanya hivyohivyo, na angekuwa sahihi, kwa betri. Betri ya taa uzito wake ni risasi, ile metali nzito iliyo ndani, na mwizi akitaka kukuibia anapunguza risasi. Kompyuta haina risasi ya kupunguzwa. Hiyo kubwa yako ni nzito kwa sababu ina kioo kipana, ina feni, ina bodi nene, na vyote hivyo vinakula umeme, ndiyo maana sola yenu haiiwezi. Ile ndogo aliyoibana kwapani haikutolewa matumbo. Imetengenezwa iwe hivyo, kwa watu wanaotembea.

Na mkeo anatembea, Elikana. Umewahi kumfuata kwa mawazo tangu mlangoni kwenu? Mgongoni ana Ella. Bega moja lina mfuko wa nguo za mtoto na uji wake, jingine lina madaftari. Mwambie sasa hiyo kompyuta aiweke wapi, pamoja na chaja yake ambayo nina hakika ni kama nusu tofali. Anashuka Kibirizi maji yakiwa magotini, sketi kaishika kwa mkono, halafu anapandisha Rusimbi jua likimtazama. Wewe uliibeba siku moja, begani, mikono mitupu, watu wakikupisha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Eti Ella amekuwa mzito! Mtoto wa watu kasingiziwa kilo za kompyuta, baba yake akafurahi.

Sasa nikugombeze, maana umeniita mama. Ulimuuliza mkeo anaandikiana na nani, akakujibu ukweli, ukauita uongo. Anaandika kazi za shahada kwa vidole gumba, kwenye kioo cha simu, karibu na vichanja vya dagaa, mtoto pembeni. Unajua hiyo ni kazi gani? Na anafanya hivyo ili wewe uendelee kuiona kompyuta yako mezani na kujiona umekuwa mtu. Uongo aliokuambia ni ule wa uzito wa Ella na huu wa kuizoea kompyuta, na wote kausema kwa kukuhurumia. Wewe malipo yake unataka kumwachisha chuo! Halafu kompyuta unataka kumpa Gasper. Kwa ruhusa ya nani? Zawadi ukishaitoa si yako tena, ni yake, na hata kuirudisha dukani ataamua yeye. Nadhani ameshaiwaza hiyo, ndiyo maana ile nailoni hajaibandua.

Na wewe Winfrida, kama gazeti hili limefika Ilagala, nawe una lako. "Chagua wewe, baba Ella" si adabu pale unapojua kwamba anachagua vibaya. Mume akipotea njia mbele ya macho yako huwezi kumfuata kimyakimya halafu ulalamike miguu. Ungesema pale pale dukani, kwa upole, mbona mengine unayasema.

Turudi kwako, Elikana. Giza halijaingia, muda unao. Safari yake ijayo ya Rusimbi, nenda naye. Mwambie siku hiyo yeye atembee mikono mitupu. Wewe mfunge Ella mgongoni kwa kanga, ndiyo, mgongoni kwako, na ubebe mfuko wa mtoto, na madaftari, na hiyo kompyuta na chaja yake. Mwaloni watacheka. Waache wacheke, wamezoea kucheka, kesho watacheka kingine. Panda boti hivyo, shuka Kibirizi hivyo, pandisha hivyo mpaka kwa Scola. Usimwambie kwa nini unafanya hivyo. Ukifika tua mzigo, kaa, nyoosha mgongo. Hapo utakuwa umepata jibu ambalo mimi kwa maneno siwezi kukupa.

Kisha mwombe msamaha kwa lile swali la simu. Hilo usiliruke.

Baadaye nendeni dukani. Mwombeni Alphonce abadilishe, kitu hakijatumika sana na nailoni yake ipo. Akikataa, itafutieni mtu mwenye meza na umeme wa ukutani, ofisi ya shule au hao hao wachapaji wa mjini, maana kompyuta yenyewe si mbaya, imeolewa tu nyumba isiyo yake. Halafu Winfrida achague, akiwa na Ella mgongoni kama siku ile. Achukue yenye kioo cha inchi kumi na moja mpaka kumi na tatu hivi, isiyozidi sana kilo moja, inayoingia kwenye mfuko wa madaftari na mfuko ukafungwa. Asinunue kwa kuitazama. Akae aandike ukurasa mzima pale pale dukani, kwa sababu nyingine ndogo vitufe vimebanana na vidole vinachoka kabla ya kichwa.

Chaji ndiyo roho yake. Muulizeni muuzaji inakaa saa ngapi, kisha msimwamini. Iwashwe bila waya, Winfrida aifanyie kazi, ninyi wengine mnywe chai hapo nje muone inashuka kwa kasi gani, hasa kama ni iliyokwisha kutumika. Na itafutwe ile inayochajiwa kwa tundu kama la simu za siku hizi. Hiyo haitaki inveta, adapta ndogo ya gari inatosha kuichaji kwenye betri yako ukiwepo, na ukiwa ziwani fundi wa sola awaangalizie kama paneli yenu inaiweza au iongezwe kidogo. Diski yake iwe ile isiyozunguka ndani, maana za zamani zenye sahani inayozunguka hazipendi kurukaruka kwa boti. Ram, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, isipungue GB nne, ikiwa nane atakushukuru mpaka amalize shahada. Hivi vidogo vya bei ya kutupa kweli vipo, vinafungua ukurasa mmoja huku umeshapika ugali ukaiva, hivyo msivikimbilie.

Hapo ndipo utakapofaa wewe, mwanangu, usidhani nimekutoa kazini. Kuchakachua unakujua. Geuza kompyuta utazame skrubu zake kama zina alama za kufunguliwa, utazame betri haijavimba, udai karatasi ya dhamana na uisome mpaka chini. Ile shaka yako ni mali. Uliielekeza tu kwenye uzito, sasa ielekeze panapostahili.

Kuna jambo jingine ambalo duka lolote mjini halina. Wewe unashona nyavu. Kata turubai, mshonee mke wako mfuko wa hiyo kompyuta ndogo, mishono miwili miwili, mdomo unaokunjwa ili mawimbi ya Kibirizi yakirukia ndani ya boti yasiifikie. Weka mkanda mpana usiokata bega. Ushone wakati huu wa mbalamwezi ukiwa nyumbani, barazani, akuone. Ulitaka watu waione zawadi yako, na mimi sikulaumu, mwanamume anayejivunia mkewe kusoma si wa kulaumiwa. Basi huo mfuko utaonekana kila anapopanda boti, na kila mtu pale mwaloni ataujua mshono wa nani.

Mambo ya kambi za kusini yaache. Giza likiingia nenda ziwani kama kawaida, na asubuhi rudi Ilagala. Ukimkuta nyuma ya nyumba anaandika, usipite na kelele zako za ndoo. Kaa karibu naye, mwombe akusomee alichoandika. Hutaelewa yote. Hata mimi nisingeelewa yote. Sikiliza hivyo hivyo.

Lakini hayo ni baadaye. Siku mtakayorudi dukani, kabla hujalipa, kabla hujanyanyua chochote, mtazame yeye, uiache hiyo mikono yako mfukoni, umuulize, "Mwalimu wangu, hii inakufaa?" Kisha nyamaza umsubiri ajibu, hata akichelewa.